Vigingi Ishirini na Vinne

Mpanda nzima, mtu pekee aliyefurahi kuona X nyekundu ya bomoabomoa ukutani alikuwa Gaudensia. Wenzake wakipigiwa ile X hushika vichwa, hukimbilia kwa mtendaji, kwa diwani, wengine hata kwa mganga. Yeye alisimama mbele ya ile nyumba ya zamani ya mgodi, akaitazama rangi ikichuruzika bado mbichi, akapiga ishara ya msalaba. "Asante Mungu," akasema. "Siku imefika."

Tusimcheke mapema. Nyumba haikuwa yake. Ilijengwa na wazungu wa mgodi, enzi reli ilipokuwa changa na madini yakipakiwa kwenye mabehewa mchana kutwa. Wazungu wakaondoka, wakaja mabwana shamba, wakaja walimu, mwisho wakaja popo, na popo ndio waliokaa kuliko wote. Wakati ule ilikuwa nyumba ya kujivunia: sakafu ya mbao, swichi nyeusi za duara zilizolia kaa! ukiziwasha, sehemu ya kuotea moto yenye dohani, na bafu la chuma lililosimama kwa miguu minne. Mpanda ina watu waaminifu wengi, lakini nyumba isiyo na mwenyewe humjaribu hata katekista. Lile bafu sasa linatumika kunyweshea ng'ombe huko Kabungu. Swichi zilikwenda, vitasa vikafuata, mbao za sakafu zikageuka vitanda, na vigae vya juu vikaondoka kimoja kimoja mpaka mvua ikajikaribisha sebuleni.

Kitu kimoja tu kilibaki, nacho kilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kukitoa. Kati ya chumba cha kulia na jiko, mahali ambapo ungetegemea ukuta, palisimama kabati la mninga kutoka chini hadi darini. Juu lilikuwa na milango ya vioo vidogo vidogo, chini droo zilizoteleza bila kelele, na katikati kidirisha cha kupitishia sahani, ili mpishi atoe chakula bila kuonekana. Halikuwa na msumari hata mmoja. Lilishikwa na vigingi ishirini na vinne vya mti mgumu wa mkurungu, kila kimoja na unene wake na mshazari wake, na hakuna viwili vilivyofanana. Watu wawili walishawahi kulijaribu kwa mtaimbo. Mmoja alivunja mtaimbo, mwingine alivunja kidole.

Aliyelitengeneza ni mzee Amedeus, baba yake Gaudensia, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka kufundishwa useremala na mabruda wa misheni. Alikuwa mjanja tangu ujana. Alivipanga vile vigingi kwa namna ambayo ukianza na kisichostahili, kabati linajibana lenyewe, na ukilazimisha linapasuka. Mpangilio hakuuandika popote. Aliuweka kichwani kwa majina ya watakatifu.

Gaudensia alikuwa na miaka kumi na miwili siku baba yake alipomkalisha kwenye ile sakafu, mwalimu aliyeishi humo akiwa kazini.

"Yosefu kwanza, chini kushoto, kwa sababu ndiye seremala mwenzetu. Kisha Anna. Kisha Andrea. Petro usimguse kabla ya Andrea, hata akikuita."

"Mbona Petro ndiye mkubwa, baba?"

"Ndiyo maana. Mwizi ataanza na mkubwa."

Wakaenda hivyo, mtakatifu mmoja mmoja, mpaka ishirini na watatu. Kikabaki kigingi kimoja katikati ya kidirisha, kifupi na kinene, ambacho ukikitoa kabati lote linalegea na kushuka mikononi mwako.

"Na huyu ni nani?"

"Huyu ni wewe," baba akasema. "Gaudensia. Bila wewe halifunguki na bila wewe halisimami."

Mtoto akiambiwa neno kama hilo halimtoki. Gaudensia alilibeba mpaka utu uzima. Akawa fundi kweli, mwanamke mwenye randa na patasi, aliyetengeneza milango ya nusu ya mtaa wa Makanyagio na majeneza ya nusu nyingine. Wanaume walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimletea mbao.

Kisha ikaja siku ya mashamba. Mzee Amedeus aliwaita wanawe, nao walikuwa wawili tu, Gaudensia na mdogo wake Danford, akayagawa mashamba ya Kabungu mbele ya wazee wa ukoo. Nasema aliyagawa kwa heshima tu. Yote yalikwenda kwa Danford, la mpunga na la mahindi, pamoja na mizinga ya nyuki.

"Wewe, Gaude, umeolewa," mzee alisema. "Wewe nimekupa ufundi, na kabati. Siku nyumba ile inavunjwa, kabati ni lako. Hakuna mwingine anayejua kulifungua, ni mimi na wewe. Wazee mmesikia?"

Wazee wakasema wamesikia. Gaudensia akapiga goti, akashukuru. Mumewe Gelasius, mfanyakazi wa reli ambaye shamba lake lote lingeenea kwenye ndoo, alicheka njia nzima ya kurudi. "Mzee wako kakupa urithi uliojengewa kwenye ukuta wa serikali," akamwambia. Gaudensia hakucheka. Ahadi ni deni, na baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tena hakungoja mikono mitupu. Alipojenga nyumba yake Makanyagio, alimwambia mwashi aache pengo kati ya sebule na jiko, kwa vipimo alivyompa yeye mwenyewe, bila kupunguza kidole wala kuongeza. Mwashi alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Pengo likafunikwa kwa khanga mbili zilizoshonwa pamoja, na miaka kumi na minne kila mgeni akawa anauliza ni la nini. "La kabati," Gaudensia alijibu. "Lipi?" "Linakuja." Kwa kuwa nyumba ya mgodi ilikuwa imeachwa wazi, alinunua kufuli lake, akaufunga mlango wa nyuma, akawa anapita kila Jumapili baada ya misa kufagia kinyesi cha popo na kulipaka kabati mafuta. Ufunguo aliutundika kwenye msumari juu ya kitanda cha baba yake.

Maana mzee alikuwa kwake. Miguu ilipomshinda, Danford alisema nyumba ya Kabungu ina unyevu, na mkewe Josefina akasema mzee anahitaji kuwa karibu na hospitali. Gaudensia akamchukua. Hiyo ni miaka kumi na moja sasa. Gelasius alikufa katikati ya miaka hiyo, na hata msiba ule haukumfanya mzee akose uji wake wa asubuhi. Gaudensia na binti yake Rosine walimwogesha, walimkata kucha, walimshika mkono kwenda chooni. Macho yake yaliingia ukungu, lakini vidole vilibaki vya seremala. Ukimpa kipande cha mbao anakwambia ni mti gani na ulikatwa mbichi au mkavu.

Kwa hiyo ile X ilipopigwa, Gaudensia alikimbia nyumbani kumwambia baba yake. Mzee akasema tu, "Haya." Gaudensia akaona ni huzuni ya mtu ambaye kazi yake ya ujana inavunjwa. Akamshika bega. Akaenda kwa mtendaji, akaenda kwa mfanyabiashara aliyepata kiwanja, na mfanyabiashara hakuwa na shida. "Chukua unachotaka, mama, ila kabla ya Jumatatu. Greda likija halichagui."

Akapanga Jumamosi. Na Jumatano jioni mzee akasema kinywa chake ni kichungu.

"Natamani asali, mama. Siyo hii ya dukani. Ile ya mizinga yangu, ya Kabungu."

Ni nani atamnyima mzee asali? Alhamisi asubuhi, Rosine akishatoka kwenda kazini, Gaudensia alipanda bodaboda kwenda Kabungu. Danford hakuwepo. Josefina alisema kaenda mjini kufuata mbolea, kisha akampokea wifi yake kwa mapokezi ambayo hajawahi kuyaona tangu Josefina aolewe. Alikuna nazi, alimkimbiza kuku mwenyewe uwanjani, akamchinja. Kila Gaudensia aliposema anaondoka, Josefina alisema, "Wifi, kuku bado, nyie watu wa mjini mna haraka gani?" Akala, akanenepa moyo, akarudi jua likiwa limelala, na chupa ya asali kwenye kikapu. Mzee aliichovya kwa kidole, akalamba, akashukuru. Gaudensia akalala na furaha kwamba wifi yake amebadilika.

Jumamosi saa mbili asubuhi alifika kwenye nyumba ya mgodi na nyundo ya mti, kipande cha mkurungu cha kugongea, na shuka la kutandaza vigingi. Vijana wa toyo, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu, aliwaambia waje saa sita. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri. Alilifungua, akapita jikoni, na mwanga ukampiga usoni kutoka upande ambao haukupaswa kuwa na mwanga.

Kabati halikuwepo. Mahali pake palikuwa na pengo, kubwa na la mraba, na kupitia hilo aliona chumba cha kulia mpaka dirisha la mbele. Kuta za pembeni hazikuwa na mkwaruzo. Chini hapakuwa na kibanzi wala kioo kilichopasuka. Alisimama pale muda mrefu, nyundo mkononi, akitafuta uharibifu kwa macho asiuone. Mwizi huvunja. Huyu alifungua, na alipomaliza kazi akafunga na kufuli.

Juu ya ubao wa dohani aliviona vigingi. Vilipangwa kwa mstari, vichwa vyote vikitazama mlangoni, kuanzia kushoto: Yosefu, Anna, Andrea, Petro baada ya Andrea. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kuvipanga. Alivihesabu, vikatimia ishirini na vinne, cha mwisho kile kifupi kinene. Watu wawili tu duniani wangevitoa kwa mpangilio huo. Mmoja ni yeye. Wa pili hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono.

Alivifunga ndani ya shuka, akatoka. Ng'ambo ya barabara Immaculata alikuwa anakaanga mihogo, kama kila siku.

"Fundi, umesahau nini tena?" Immaculata akamwuliza. "Si mlishamaliza Alhamisi?"

"Nani walimaliza?"

"Mzee wako, na yule mdogo wako wa Kabungu. Jamani, mzee ana nguvu yule! Wamemshusha kwenye bajaji, wamemwingiza ndani mikono miwili hivi. Kiti cha plastiki wakaazima kwangu. Mi nikajua umewatuma wewe, kwani si ufunguo walikuwa nao?"

Gaudensia aliomba maji. Immaculata akampa, bado anaongea.

"Nilipeleka mihogo ndani, nikamkuta mzee kakaa anataja watakatifu, mdogo wako anagonga. Mtakatifu Anna, ko! Mtakatifu Andrea, ko! Nikadhani wanaiombea nyumba kabla haijavunjwa. Nikapiga na mimi ishara ya msalaba." Akamtazama vizuri. "Fundi, vipi? Hukujua?"

"Nilijua," Gaudensia akasema. Aibu ya kusalitiwa na mzazi ni ya ajabu, unaificha kana kwamba kosa ni lako.

Kutoka pale hadi Makanyagio alitembea kwa miguu, na njiani vitu vilianza kujipanga vyenyewe. Asali. Mbolea ambayo Danford alifuata mjini wakati si msimu wa mbolea. Kuku. Ndiyo, kuku yule, aliyekimbizwa uwanja mzima polepole, na Josefina akicheka. Gaudensia alikula mpaka kisigino na kunyonya mifupa, akasema wifi ubarikiwe. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini hawasemi kwamba wakati mwingine nguo yenyewe umeifua wewe, ukaipiga pasi.

Alimkuta baba yake kwenye kiti chake, karibu na pengo lenye khanga. Alimnawisha mikono, akampa ugali na migebuka, akamtolea miiba samaki mmoja mmoja kama siku zote. Mzee alipomaliza, alimnawisha tena. Kisha akafungua shuka mapajani pake.

Mzee hakuona vizuri, lakini vidole vilishuka vyenyewe. Vikashika kimoja, vikakizungusha.

"Huyu Andrea," akasema, na uso wake ukachangamka kabla hajakumbuka. Kisha mkono ukasimama. "Nani kavileta hapa?"

"Mliviacha juu ya dohani."

Mzee akashusha pumzi. "Nilimwambia avitie mfukoni. Danford hana kichwa cha kazi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Keti chini, mama."

"Sikai. Kwa nini, baba?"

Mzee akapapasa vigingi. "Danford anafungua nyumba ya wageni kule Shanwe. Anataka kitu cha kuweka mapokezi, mtu akiingia aone kazi ya ukoo wetu. Mimi nitakufa, Gaude. Na wewe utakufa. Kabati likiwa hapa linabaki kwa nani? Kwa watoto wa Gelasius. Kitu cha ukoo hakitoki hivihivi."

"Watoto wa Gelasius ndio wanaokuosha miguu."

"Na Mungu awabariki. Lakini ukoo ni ukoo."

"Ulisema mbele ya wazee. Wazee wakasikia."

"Wale wazee wote wameshakufa," mzee akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Gaudensia akakaa ingawa alisema hakai. "Ungeniambia. Ungeniambia tu, uso kwa uso, mimi ni mwanao."

"Ungekataa."

"Ukanituma asali."

"Asali niliitamani kweli," mzee akasema haraka, na hilo ndilo lililomwuma, kwamba aliona hilo ndilo la kujitetea.

Likabaki swali moja. Gaudensia hakutaka kuliuliza, maana alihofia jibu kuliko alivyohofia kukosa kabati. Akachukua kile kigingi kifupi kinene, akakiweka kwenye kiganja cha baba yake na kukifumba.

"Hiki ulimwambia kinaitwaje?"

"Kigingi ni kigingi, Gaude."

"Ulimwambia kinaitwaje?"

Mzee alikizungusha na kukizungusha. "Ilibidi nikipe jina atakalokumbuka."

"Jina gani?"

"Danford."

Asingelia kwa ajili ya mbao. Mbao amezipasua maisha yake yote. Alilia kwa sababu miaka arobaini na minne alijiona ana mahali pake mahali fulani, mahali padogo, penye upana wa dole gumba, lakini pake. Na pale palikuwa panahamishika kirahisi namna hiyo, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki cha kuazima.

Jumapili baada ya misa Danford alifika. Alikuja na kreti ya soda na uso wa mtu ambaye ameambiwa kwamba dada yake anajua. Alikuwa na aibu, lakini aibu ya Danford haijawahi kumzuia kuomba.

"Dada, shikamoo. Dada, najua una hasira na mimi, una haki. Ila tumekwama."

"Mmekwama na nini?"

"Lile kabati. Fundi wa pale Shanwe kapiga skrubu, mlango mmoja umepasuka mwaaa, mpaka kioo. Baba kasema bila vile vigingi halikai. Mi nikaona vijiti tu, nikaviacha." Alimtazama baba yake apate msaada. "Na hata tukivipata, nani atafunga? Macho ya baba ndiyo hivyo. Kufungua ni kutoa tu. Kufunga baba anasema kuna mahali unashika mbao mbili kwa mpigo kabla ya kugonga. Anayejua ni wewe."

Gaudensia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tunafungua Jumamosi, dada. Nitaweka kibao, jina la baba, herufi kubwa. Na wewe ukitaka kuja kuliangalia, ni siku yoyote, kule ni kwako."

"Nenda ukamsaidie mdogo wako," mzee akasema kutoka kwenye kiti. "Nyie ni damu moja. Kazi nimekufundisha mimi."

Hapo ndipo Gaudensia alipouona mkataba wote. Alipewa ufundi ili siku moja aende kumsimikia Danford urithi wake. Mwaka ule wa mashamba, wakati anapiga goti na kushukuru, alidhani amepewa vitu viwili. Alipewa kimoja, nacho kilikuwa kazi.

"Njoo kesho asubuhi," akamwambia Danford. "Nikishampa baba uji."

Danford akafurahi mpaka akamkumbatia. Soda akaziacha.

Jumatatu kulipokucha greda lilisikika upande wa nyumba ya mgodi, likinguruma na kunyamaza, likinguruma na kunyamaza. Gaudensia alimwamsha baba yake, akamsafisha, akamvalisha sweta, akamketisha mahali pake. Kisha akapita upande wa pili wa khanga, jikoni, akawasha moto wa kuni na kubandika sufuria ya uji wa ulezi. Kuni zake ni mabaki ya karakana, na asubuhi ile alikuwa nazo za kutosha. Hata hivyo alifungua shuka.

Alianza na Yosefu. Mkurungu mkavu wa miaka sabini haukawii. Unashika moto kwa pembeni, kisha unatulia na kuwa kaa jekundu. Akatia Anna, akakoroga. Akatia Andrea.

Upande wa pili wa khanga, kiti kililia.

"Gaude?"

"Naam, baba."

"Unachoma nini?"

"Kuni."

Mzee alivuta hewa puani, mara moja, mara mbili. "Hiyo siyo mninga. Huo ni mkurungu."

Gaudensia alimtia Petro motoni, akakoroga uji usishike chini.

"Mama, usifanye hivyo." Mzee aliinamia upande wa khanga. "Vile havichongeki tena. Vipimo sina, nilivichonga kwa macho. Hata wewe hutaviweza."

"Hata mimi sitaviweza."

"Bila hivyo lile ni rundo la mbao."

"Najua, baba. Ulinifundisha."

Hakumwomba tena. Gaudensia akaendelea kwa mpangilio, bila kuruka mtakatifu. Nje aliisikia pikipiki ikikata kona ya duka, na alipokuwa kwa wa ishirini na tatu ikazimwa mlangoni.

"Kimebaki kipi?" mzee akauliza.

"Cha mwisho."

Baba yake akasema, taratibu, kwa sauti ile ya zamani ya kwenye sakafu ya mbao, "Hicho ni wewe, mama. Hicho ni Gaudensia. Tangu mwanzo kilikuwa wewe."

Alikuwa amelingoja neno hilo tangu juzi, na sasa lilipokuja halikuwa na uzito wowote, maana mtu aliyelitoa amelitoa mara mbili kwa watu wawili. Gaudensia alikitazama kigingi kile kifupi kinene kiganjani. Kilikuwa laini kwa kushikwashikwa. Akakiweka katikati ya moto, akangoja mpaka kishike vizuri, akaipua sufuria.

"Hodi!" Danford aliita kutoka nje, mchangamfu. "Dada, uko tayari?"

Gaudensia akamimina uji kwenye bakuli, akatia kijiko cha asali ya Kabungu, akakoroga. Akaifunua khanga na kulipitisha bakuli pengoni, mpaka mikononi mwa baba yake. Aliishika mikono yake kwa chini kama kila siku.

"Kunywa, baba," akasema. Kisha akageukia mlango. "Pita, Danford. Baba ana habari ya kukupa."